Watoto waulizwe kabla ya uamuzi, na wajibiwe baada yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyoamua mambo ya watoto waliotengana na wazazi wao, wawe ni yatima, wametelekezwa au wameondolewa nyumbani kwa sababu ya ukatili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mlezi wa baraza la watoto katika kata yetu, yaani chombo ambamo watoto hukutana kujadili mambo yao. Kazi hiyo imenifikisha mara nyingi katika vikao ambamo maisha ya mtoto hupangwa na watu wazima wenye nia njema, huku mtoto mwenyewe akiwa nje, akisubiri kuambiwa ataenda kuishi wapi. Nimefikia kuamini kwamba kumweka nje ni kuvunja haki yake, na pia ni kujinyima taarifa ambazo pengine hakuna mtu mwingine duniani aliye nazo.

Nieleze kikao kimoja tu. Msichana wa miaka 14 na mdogo wake wa kiume walikuwa wakiishi katika makao ya watoto tangu mama yao alipofariki, na ilikuwa imeazimiwa warudishwe kwenye ukoo, kwa baba yao mdogo anayeishi wilaya nyingine. Azimio lenyewe lilikuwa jema, kwa kuwa mtoto anastahili kukua katika familia, na makao yanapaswa kuwa kimbilio la mwisho. Mezani palikuwa na faili lenye barua ya baba mdogo ya kukubali kuwapokea, yenye saini na muhuri wa mtendaji wa kijiji chake. Waliokuwepo ni afisa ustawi wa jamii, mtendaji wa kata, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, matroni wa makao, na mimi kama mwalimu wa msichana. Yeye alikuwa kwenye benchi chini ya mwarobaini, begi la shule mapajani, mdogo wake akichezea mkanda wa begi hilo. Tulijadili usafiri, uhamisho wa shule na magodoro, kisha kikao kikafungwa. Gari lilipowafikisha kijijini, nyumba ilikutwa na kufuli. Baba mdogo alikuwa ameshakwenda kwenye machimbo ya dhahabu huko Chunya, na mkewe alikuwa amerudi kwao. Msichana alikuwa akijua yote hayo kwa sababu binamu yake alimsimulia kwa simu, na dereva alipomuuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu kwa utulivu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Simlaumu afisa aliyeandaa faili lile. Maafisa ustawi wa jamii katika halmashauri nyingi ni wachache, maeneo yao ni makubwa, na mara nyingi hawana nauli wala mafuta ya kuwafikisha katika kila kaya wanayotakiwa kuichunguza. Lakini hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kumwita mtoto ndani. Swali moja kwa msichana yule, tena lisilogharimu chochote, lingeokoa safari nzima, na lingewaepusha watoto wawili na aibu ya kusimama mbele ya mlango uliofungwa huku majirani wakiwatazama. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi wajumbe wa kikao tulikuwa tukipanga mambo ya kitanda ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekilalia.

Nchi yetu ina ushahidi mkubwa zaidi ya kisa cha kata moja. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Walioulizwa walikuwa wasichana na wavulana wa miaka 13 hadi 24, walioeleza kwa vinywa vyao yaliyowapata kabla ya kufikisha miaka 18. Takriban wasichana 3 katika kila 10 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono, na kwa wavulana ilikuwa takriban 1 katika kila 7, na karibu robo tatu ya vijana wote, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepata ukatili wa kimwili. Kabla ya hapo tulikuwa na takwimu za polisi na za hospitali, ambazo zilihesabu wale tu walioweza kufika huko, ilhali wengi walikuwa wamenyamaza. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ambao wengi wetu tunaufahamu kwa jina la MTAKUWWA na ambao awamu yake ya kwanza ilianza mwaka 2017/18, umejengwa juu ya majibu ya namna hiyo. Kwa maneno mengine, sera ambayo leo inaongoza kamati zetu za kijiji na kata ilianzia pale kijana wa miaka 13 alipoulizwa swali na mtu aliyenyamaza akamsikiliza. Ninashangaa kwamba baada ya kuona faida kubwa kiasi hicho, kamati zilezile zinaendelea kupanga mambo ya mtoto mmojammoja bila kumuuliza.

Sheria haina utata katika jambo hili. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni, na kinakataza mtu yeyote kumnyima mtoto mwenye uwezo wa kuwa na mtazamo wake haki ya kuueleza, kusikilizwa na kushiriki katika uamuzi unaogusa ustawi wake. Sheria hiyo inapozungumzia mahakama kuamua mtoto akae na nani, inaitaka izingatie maoni ya mtoto ikiwa ameyatoa kwa uhuru, na izingatie pia umuhimu wa ndugu wa damu kukaa pamoja. Naomba wasomaji watazame neno kushiriki katika kifungu cha 11. Bunge lingeweza kuishia kwenye kusikilizwa, lakini likaenda mbele zaidi. Mtu anayeshiriki uamuzi anajua kikao kitakaa lini, anajua kinachojadiliwa, anaelezwa njia zilizopo, anasema anachopendelea, na baadaye anaambiwa kilichoamuliwa na sababu zake. Katika vikao nilivyohudhuria mimi, ni nadra sana kuona hata nusu ya mambo hayo yakitimizwa.

Najua wapo watakaosema kwamba hizi ni fikra za kuletwa, na kwamba kwetu mtoto haketi katika baraza la wakubwa. Ni hoja ninayoiheshimu, kwa sababu hutolewa na watu wanaowapenda watoto na wanaoogopa kuona adabu ikiporomoka. Ningewaomba wausome Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ulioandikwa na Waafrika wenyewe mwaka 1990, ukaanza kutumika mwaka 1999, na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003. Ibara ya 31 ya mkataba huo inamtaka mtoto awaheshimu wazazi na wakubwa wake wakati wote na awasaidie wanapohitaji msaada. Na ibara ya 4 inataka mtoto anayeweza kujieleza apewe nafasi ya kusikilizwa katika mashauri yanayomhusu, na maoni yake yazingatiwe. Waandishi wa mkataba ule hawakuona mgongano kati ya mambo hayo mawili, na mimi pia siuoni. Mtoto anaweza kuamkia, kukaa kwa heshima, kusema yaliyo moyoni mwake, na kukubali kwamba neno la mwisho si lake. Darasani kwangu wanafanya hivyo kila siku.

Ipo hoja nyingine iliyo nzito zaidi, kwamba kumshirikisha mtoto ni kumtwisha mzigo wa kuchagua kati ya watu anaowapenda, au kumfungulia mlango mtu mzima mjanja amfundishe la kusema. Hatari hiyo ni ya kweli. Nimewahi kumsikia mtoto akitamka sentensi ambazo ni dhahiri hazikuwa zake, macho yameelekezwa kwa shangazi aliyeketi karibu na mlango. Dawa yake ni kumtafutia nafasi tulivu bila jamaa wenye maslahi, kuzungumza naye zaidi ya mara moja, na kumuuliza mambo anayoyajua kwa hakika. Swali la unataka kukaa na nani linaweza kumlemea mtoto wa miaka 9. Lakini ukimuuliza nani alikuwa akikuamsha asubuhi, ukiugua nani anakupeleka zahanati, ukiwa huko unalala chumba kimoja na nani, atakujibu bila kuhisi kwamba anamsaliti mtu, na majibu yake yatakueleza mengi ambayo barua yenye muhuri haiwezi kukueleza. Swali la mwisho kati ya hayo ningependa liulizwe kwa kila mtoto, bila kuruka hata mmoja, kabla ya kupelekwa kwa ndugu au kwa mlezi wa kuaminika, yaani mtu anayeidhinishwa kumtunza mtoto anayehitaji ulinzi.

Sasa nije kwenye mabaraza ya watoto, ambayo ndiyo mahali tunapopenda kuonyesha kwamba ushirikishwaji upo. Mabaraza yapo, kuanzia ngazi za chini hadi Baraza la Watoto la Jamhuri ya Muungano, na nayaunga mkono kwa moyo wangu wote. Hata hivyo, sehemu nyingi kazi yao kubwa ni risala ya Siku ya Mtoto wa Afrika. Kila ifikapo Juni, watoto wetu huketi kuandika, na rasimu yao ya kwanza huwa na mambo mazito. Safari moja waliandika kwamba mtoto akienda polisi kutoa taarifa ya kufanyiwa ukatili hulazimika kwanza kujieleza kaunta, mbele ya watu wote waliokuja na shida zao, ndipo aonyeshwe chumba cha Dawati la Jinsia na Watoto. Waliomba jambo moja dogo: mlango wa pembeni, au angalau askari asimuulize mtoto kisa chake hadharani. Rasimu ikapita mikononi mwa wakubwa kadhaa kwa ajili ya kusahihishwa lugha, na iliporudi, aya hiyo haikuwemo. Mahali pake palikuwa na shukrani kwa wadau. Msichana aliyeisoma uwanjani aliisoma vizuri, akapigiwa makofi na kupewa zawadi ya madaftari. Njiani aliniuliza aya yao imekwenda wapi. Ni swali ambalo kila mtu mzima aliyeshika kalamu juu ya rasimu ile anapaswa kulijibu.

Ikumbukwe siku hiyo imetokana na nini. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kupinga amri ya kufundishwa baadhi ya masomo kwa Kiafrikana, amri iliyotungwa na watu wazima bila kuwauliza watoto wala wazazi wao. Polisi waliwafyatulia risasi, na miongoni mwa waliouawa ni Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12. Tangu mwaka 1991 Afrika nzima huadhimisha siku hiyo. Ni siku ya watoto waliokataa kuamuliwa mambo yao kimyakimya, na kwa heshima yao, risala inayosomwa siku hiyo iachwe iwe ya watoto, hata kama ina maneno ambayo mgeni rasmi hakutarajia kuyasikia.

Tatizo la mabaraza haliishii kwenye risala. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria ndicho chombo kikubwa cha wananchi katika kijiji, ni wa watu waliofikisha miaka 18. Kwa hiyo mtoto hana mahali pengine pa kupeleka jambo lake isipokuwa baraza la watoto, na baraza hilo likipeleka jambo kwa mtendaji, hakuna utaratibu unaomlazimu mtu kulijibu. Nimeona watoto wakiwasilisha jambo lilelile mwaka hadi mwaka, kisha wakaacha. Huwa hawagombi wala hawalalamiki. Wanapunguza tu kuja kwenye vikao, na sisi tunaandika katika taarifa kwamba mwamko wa watoto ni mdogo.

Wenzetu wamejaribu njia ambazo tunaweza kuzitazama bila kuziiga kila kitu. Nchini Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 2014 inampa mtoto aliye chini ya uangalizi wa serikali, akifikisha miaka 14, haki ya kushiriki kuandaa mpango wa malezi yake na kuchagua watu hadi wawili wa kuketi upande wake katika timu inayoupanga. Ni jambo dogo kwa maandishi, lakini fikirini maana yake kwa msichana yule wa chini ya mwarobaini, kama angeruhusiwa kusema nataka mwalimu wangu na binamu yangu wawepo. Uskochi ilifanya mapitio ya mfumo wake wote wa malezi kuanzia mwaka 2017 hadi 2020, ikawasikiliza watu zaidi ya 5,500, wakiwemo watoto na vijana waliolelewa katika mfumo huo, pamoja na familia zao na wahudumu. Moja ya mambo yaliyosisitizwa sana ni uchungu wa ndugu kutenganishwa, na sheria ya nchi hiyo ikabadilishwa ili kuzipa mamlaka wajibu wa kuwaweka ndugu pamoja pale inapofaa. Sisi kifungu cha kuwaweka ndugu pamoja tunacho tangu mwaka 2009; tunachokosa ni mtoto wa kutukumbusha kikaoni kwamba ana mdogo wake.

Na jirani zetu wa Kenya wamepiga hatua ambayo ningependa tuitazame kwa karibu zaidi. Tangu mwaka 2009 wana chama cha vijana waliokulia katika makao ya watoto, na nchi hiyo ilipotunga mkakati wake wa mageuzi ya malezi wa mwaka 2022 hadi 2032, vijana waliopitia maisha hayo walikuwa miongoni mwa wanaopaza sauti kuhusu yanayotakiwa kubadilika. Kwetu, kijana akifikisha miaka 18 anaondoka makao akiwa na begi na vyeti vyake, na kwa kawaida hatuna mpango wa kumuuliza tena chochote. Huo ni upotevu mkubwa. Kijana wa miaka 22 aliyelala katika mabweni ya makao tangu utotoni anajua ni saa ngapi za usiku mtoto mdogo anaogopa kwenda chooni, ni mtumishi wa aina gani watoto humkimbilia, na chakula hubadilika vipi siku ambayo wakaguzi wanatarajiwa. Timu za ukaguzi wa makao zinapaswa kuwa na angalau kijana mmoja wa namna hiyo, anayeingia kama mjumbe kamili mwenye haki ya kuandika maoni yake katika taarifa, na anayelipwa posho na nauli sawa na wajumbe wengine. Nasisitiza posho, kwa sababu nimeona vijana wakiitwa kutoa ushuhuda wa maisha yao, jambo linalowaumiza, kisha wakarudi nyumbani kwa miguu, wakati wale waliokuja kuwasikiliza wamesaini karatasi ya malipo. Mtu hawezi kuitwa mshirika kwa masharti hayo.

Wala kijana huyo asiitwe kuhadithia mateso yake tu. Aulizwe anafikiri nini kuhusu bajeti ya makao, kuhusu namna ya kumwandaa mtoto wa miaka 16 kwa maisha ya kujitegemea, kuhusu sifa za kumchuja mtu anayeomba kuwa mlezi wa kuaminika. Haya ni mambo ya utaalamu, na yeye ana utaalamu ambao sisi wengine tumeusoma tu.

Ombi langu kwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na kwa TAMISEMI inayozisimamia halmashauri, ni la kiutendaji, na sehemu yake kubwa haihitaji sheria mpya. Taarifa ya uchunguzi wa kijamii inayoandaliwa kwa ajili ya mtoto iwe na ukurasa wa maoni yake, yaliyoandikwa kwa maneno yake mwenyewe, na kamati isipitishe uamuzi wowote kama ukurasa huo ni mtupu bila sababu kuelezwa. Kwa mtoto mdogo sana, au mwenye ulemavu unaomzuia kuzungumza, afisa aandike alichokiona, namna mtoto anavyotulia na nani na anavyobadilika anapoletwa nani, na mkalimani wa lugha ya alama atafutwe pale anapohitajika. Mtoto aambiwe uamuzi uso kwa uso ndani ya siku chache, na aelezwe aende kwa nani kama hakuridhika, pamoja na kufundishwa kuitumia namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto. Na kila jambo linalowasilishwa na baraza la watoto lijibiwe kwa maandishi kabla halmashauri haijapitisha bajeti yake ya mwaka, hata kama jibu ni kwamba haiwezekani, mradi sababu itajwe.

Watoto wa baraza letu wameshaandika upya ombi lao kuhusu kaunta ya polisi, na safari hii wamelipeleka moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kata. Barua ina ukurasa mmoja na mchoro wa mahali ambapo mlango wa pembeni unaweza kuwekwa. Wanasubiri jibu.

Mwalimu mlezi wa baraza la watoto,
Morogoro